Barua ya wazi kwa wasimamizi wa vyuo vya Lubumbashi: kabla ya kumwaga zege, hesabuni uzito wa vitabu

Kwa mababa na mamama Marekta, kwa Wakurugenzi Wakuu wa taasisi za elimu ya juu, kwa Makatibu Wakuu wa masomo na wa utawala, kwa Wasimamizi wa bajeti, na kwa wachora plani mnaowaita pesa zikipatikana.

Waheshimiwa wazee wetu,

Ombi langu ni moja, nalisema mapema ili asiye na muda ajue anachokubali au anachokataa. Katika kila maktaba ya chuo itakayojengwa au kukarabatiwa hapa Lubumbashi, sehemu kubwa ya vitabu iwekwe wazi. Mwanafunzi aingie kati ya rafu kwa miguu yake, atazame migongo ya vitabu, avute anachotaka, akifungue akiwa amesimama, kisha aende nacho mezani au akiache. Na uamuzi huo ufanyike sasa, plani ikiwa bado kwenye karatasi. Sababu ya haraka hiyo nitaifikia. Inahusu zege na vyuma kuliko inavyohusu mapenzi ya kusoma.

Nimeonyeshwa plani ya maktaba inayokusudiwa na chuo kimoja cha hapa mjini. Sitakitaja, maana plani si jengo na karatasi inafutika. Jengo linapendeza: orofa mbili juu ya ile ya chini, vioo mbele, ukumbi wa kompyuta, chumba cha mikutano ya kamati, ofisi ya mkutubi mkuu, hata kona ya kunywea kahawa. Vitabu nilivitafuta kwa kidole mpaka nikavikuta nyuma kabisa, upande wa vyoo, katika chumba kisicho na dirisha kilichoandikwa «dépôt», yaani ghala. Mlango wake mmoja unatokea kwenye guishe, lile dirisha la kuhudumia wasomaji. Nilimwuliza mchora plani mwanafunzi ataingiaje humo. Swali lilimshangaza: aingie kufanya nini?

Simlaumu. Amechora maktaba aliyosomea yeye, ambayo ndiyo tuliyosomea wengi wetu. Unafika, unaacha kadi ya mwanafunzi, unapewa fishi. Unaandika jina la mwandishi, jina la kitabu, na namba kama unaijua. Mhudumu anapotea nyuma ya ukuta. Akirudi, mara nyingi anarudi mikono mitupu: «hakipo». Hakipo maana yake kimeazimwa, au kimewekwa mahali pasipo pake, au kiko nyumbani kwa profesa tangu miaka, au hakijawahi kununuliwa. Hujui ni lipi kati ya hayo, na mhudumu naye hajui. Unaandika fishi nyingine.

Sasa mfikirieni kijana wa mwaka wa kwanza aliyetoka Kipushi au Kasumbalesa, ameambiwa aandike kazi kuhusu migodi na ardhi ya wanavijiji. Anayo maneno mawili tu kichwani, migodi na ardhi. Fishi inamdai mwandishi na kichwa cha kitabu. Anaandika kile alichokiona mwishoni mwa silabusi ya profesa, kwa kuwa hana kingine. Wenzake wote wa promosyo wameandika hicho hicho, na nakala ni moja. Saa inapita, anatoka, anavuka barabara kwenda kwenye fotokopi na kununua kurasa za TFC, yaani kazi ya mwisho wa masomo, ya mtu wa mwaka juzi. Hapo ndipo wizi wa maandishi unapozaliwa katika vyuo vyetu, na tunaupigia kelele kwenye utetezi kana kwamba umeletwa na upepo.

Guishe humhudumia anayejua jina la kitu anachokitafuta. Profesa anahudumiwa vizuri kabisa na guishe. Mtafiti wa udaktari pia. Kijana wa Kipushi hahudumiwi, na ndiye mwenye idadi kubwa, ndiye anayelipa.

Kijana huyo huyo mpe rafu iliyo wazi. Vitabu vya uchimbaji madini, kwa mpangilio wa desimali unaotumika karibu dunia nzima, viko kwenye 622. Anasimama hapo, anaona mita moja nzima ya vitabu ambavyo hakujua kama vipo. Kimoja kinamtaja mwanasheria, anakwenda 34, anakuta maelezo ya sheria ya migodi ya 2002 na marekebisho yake ya 2018. Kingine kinamrudisha kwenye Union Minière, kampuni ya migodi iliyoanzishwa 1906, anafika upande wa historia. Cha jiolojia kiko 55. Ni kweli kwamba mpangilio huo humtawanyia mada yake, lakini humpa pia miguu ya kuifuata. Macho hayana pazia: akipita kwenda 622 ataona 61, yaani afya, na huenda akagundua kwamba kazi yake ilikuwa juu ya vumbi na mapafu ya wachimbaji tangu mwanzo.

Mpangilio wenyewe ulitungwa ili vitabu vinavyohusiana vikae jirani. Melvil Dewey alitoa wake Marekani mwaka 1876. Paul Otlet na Henri La Fontaine, Wabelgiji wawili, waliupanua kwa Kifaransa kule Brussels, na chapa yao ya kwanza kamili ikakamilika kati ya 1904 na 1907. Kumlipa mkutubi aketi kuainisha kitabu, abandike namba mgongoni, kisha kukifungia chumba ambamo hakuna anayeingia isipokuwa mhudumu, ni kununua kitanda na kulala sakafuni. Kwa chumba kilichofungwa ingetosha kuvipanga kwa tarehe ya kuwasili, na nafasi ingepatikana zaidi.

Tusijione kana kwamba ugonjwa wa guishe ni wa kwetu. London ya karne ya 19 iliugua vilevile. Maktaba za umma ziliweka ubao mkubwa wenye namba; rangi moja ilionyesha kitabu kilichopo, nyingine kilichoazimwa, na msomaji aliomba kwa karani kitabu ambacho hajakiona. Mwaka 1894 mkutubi wa Clerkenwell, James Duff Brown, akafungua rafu zake kwa wasomaji. Wenzake walimshambulia kwa maandishi na kwenye mikutano: vitabu vitaibwa, vitachanganyika, watu watachana kurasa. Maneno hayo ndiyo ninayoyasikia hapa zaidi ya miaka 130 baadaye. Brown aliweka kijilango cha kuingilia na kijilango cha kutokea, vyote viwili mbele ya meza ya karani. Basi. Hakuwa na kamera wala mlango unaolia.

Na msiseme ni mambo ya nchi tajiri. S. R. Ranganathan alikuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, India, enzi ya ukoloni, na bajeti yake haikuwa ya kujivunia. Mwaka 1931 alitoa kanuni zake tano za maktaba. Ya tatu inasema kila kitabu kipate msomaji wake, na njia ya kwanza aliyoitaja kuifikia ni rafu za wazi. Alikuwa anafikiria wanafunzi wanaofanana na wetu: wengi, maskini, wasiokulia kwenye nyumba zenye vitabu.

Najua jibu la baadhi yenu, kwa kuwa nimelisikia kwenye oditwari: dunia imeshaacha mambo hayo, vyuo vikubwa vinaondoa vitabu. Ni nusu ya habari. Chuo Kikuu cha Chicago kilifungua maktaba ya Mansueto mwaka 2011, na huko vitabu vimeshushwa chini ya ardhi. Mashine ndizo zinazovipandisha, nafasi ni ya mijalada milioni 3.5, na vimepangwa kwa ukubwa wa kitabu, si kwa mada. Ajabu kweli. Lakini jengo hilo limeshikana na lile la Regenstein, ambako orofa za rafu za wazi zimebaki, na vilivyozikwa ni vile ambavyo mtu huvijua kwa jina kabla ya kuviomba, kama mijalada ya zamani ya majarida. Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, nacho kiliweka mashine kama hiyo katika maktaba yake mpya ya 2019, na orofa ya juu kikaiacha kwa rafu ambazo mwanafunzi anatembea kati yake. Walioweza kununua mashine hawakuitegemea peke yake.

Florida Polytechnic ilifungua milango mwaka 2014 na maktaba isiyo na kitabu cha karatasi hata kimoja. Mfano huo hupendwa sana na wenye kutafuta sababu ya kutonunua vitabu. Wanasahau kusema kwamba ni chuo kidogo cha uhandisi na sayansi, ndani ya mtandao wa vyuo vya jimbo, na mwanafunzi wake akitaka kitabu cha karatasi anakiagiza kutoka chuo kingine cha jimbo hilo na kinaletwa. Wa kwetu ataagiza wapi? Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, na barabara yake mnaijua.

Mashine za kuvuta vitabu zinataka umeme saa zote. Sitaandika zaidi juu ya hilo. Kila anayeisoma barua hii hapa Lubumbashi ameshalimaliza mwenyewe kichwani.

Kuhusu simu na intaneti nitakuwa mwadilifu, kwa sababu zimenisaidia sana. Kwa majarida, dijitali imeshinda na ishinde. Milango kama Research4Life huruhusu taasisi za nchi maskini kusoma majarida ya sayansi bure au kwa bei ndogo, na Persée imeweka wazi majarida mengi ya Kifaransa ya sayansi za jamii. Jarida la 1985 halina haja ya kukalia rafu ya thamani. Lakini makala hutafutwa kwa maneno. Anayetafuta lazima awe nayo maneno. Tena makala ni fupi. Kitabu cha kurasa 400 kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, megabaiti zikihesabiwa na betri ikiwa asilimia 12, hakisomwi, kinapekuliwa. Na kitabu cha dijitali ambacho chuo kimekodi hutoweka siku ada isipolipwa, wakati cha karatasi kilicholipiwa mara moja mwaka 1974 bado kinasomeka, ikiwa mchwa hawajakifikia.

Msimamizi wa bajeti ataniuliza swali gumu zaidi, na ana haki: vitabu vingi havisomwi na mtu, kwa nini tuvijengee? Takwimu zipo. Mwaka 1969 Richard Trueswell wa Marekani alionyesha kwamba takriban asilimia 20 ya vitabu vya maktaba hubeba asilimia 80 ya maazimo. Mwaka 1979 utafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh ukaonyesha kwamba karibu asilimia 40 ya vitabu vilivyonunuliwa 1969 havikuazimwa hata mara moja katika miaka sita ya kwanza. Utafiti huo ulizua ugomvi mkubwa, maprofesa wa chuo hicho hicho wakaupinga, lakini hesabu hizo zipo na mtu mkweli hazifichi.

Nina mambo mawili ya kujibu. Kuazima si kusoma. Anayefungua kitabu amesimama, akanakili ukurasa mmoja, akakirudisha, haandikwi popote. Na hapa kwetu, ambako maktaba nyingi haziruhusu kwenda na kitabu nyumbani, usomaji karibu wote ni wa aina hiyo. Halafu kitabu kilichofungiwa nyuma ya guishe kwa miaka 30 huwezi kukihukumu kwamba hakina wasomaji. Hakijawahi kuonekana. Kifungueni kwanza, kisha mhesabu. Namna ya kuhesabu ni rahisi: mwanafunzi akatazwe kurudisha kitabu rafuni mwenyewe. Akiache mezani au kwenye kitoroli. Jioni mhudumu anavikusanya, anaandika namba, anavirudisha mahali pake. Mpango huo unazuia vitabu kuchanganyika, unampa mhudumu wa guishe kazi mpya badala ya kumfukuza, na baada ya mwaka mmoja mtakuwa na orodha ya kweli ya kinachosomwa Lubumbashi. Tukishakuwa nayo, nitakubali kwa moyo mweupe kwamba visivyoguswa vihamie chumba cha nyuma.

Sidai kila kitu kiwe wazi. Nakala ya tano ya kitabu kile kile, takwimu za serikali isiyopo tena, majarida ambayo tayari yako mtandaoni, magazeti ya kale yanayovunjika kwa kushikwa: hayo yafungiwe, na ya mwisho yafungiwe kwa heshima zote. TFC nazo zifungiwe, nasema hivyo kwa nguvu. Katika maktaba zetu nyingi ndizo zinazopewa rafu za mbele, huku vitabu vikiwa nyuma, na kizazi kinajifunza kuandika kwa kunakili makosa ya kizazi kilichotangulia.

Sasa zege.

Mimi ni asistanti wa historia. Nilimwuliza mhandisi, akanichorea kwenye kitambaa cha karatasi. Chumba cha kusomea, chenye meza na watu, kwa viwango vinavyotumiwa na wajenzi wengi huhesabiwa kubeba kama kilo 300 kwa kila mita ya mraba. Rafu za vitabu zilizosimama kwa safu zinataka zaidi ya kilo 700 kwa mita hiyo hiyo. Zile rafu za kusukuma zinazobanana kwenye reli, ambazo wauzaji hupenda kuwaonyesha kwenye vitabu vyao vya rangi, zinapita kilo 1,000. Karatasi ni nzito kuliko watu.

Maana yake ni hii. Mkijenga orofa ya kwanza kwa hesabu ya meza, orofa hiyo haitawekwa rafu kamwe. Hata mje na Rekta mwingine anayependa vitabu, hata mfadhili alete kontena zima bandarini, mhandisi atakataa na atakuwa sahihi. Mkijenga kwa hesabu ya rafu, kesho mkibadili mawazo mtaweka kompyuta, meza, chochote, sakafu haitanung'unika. Uamuzi mmoja unafunga mlango, mwingine unauacha wazi, na tofauti yake ni vyuma na saruji vya siku ya kwanza. Ndiyo sababu naandika sasa na sisubiri sherehe ya kukata utepe.

Kuna njia ya kupunguza hata gharama hiyo: vitabu vishuke chini, kompyuta zipande juu. Sakafu ya orofa ya chini imekaa juu ya ardhi yenyewe, na ikishindiliwa vizuri inabeba rafu bila nguzo za ziada. Plani niliyoonyeshwa ilifanya kinyume. Ilipeleka ukumbi wa kompyuta chini, nyuma ya vioo vya mbele, kwa kuwa kompyuta ndizo zitakazopigwa picha.

Nguzo nazo zizungumze na rafu. Ukipanga safu za rafu kila mita 1.35, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, unapata njia ya karibu sentimita 90, ya kupitisha kitoroli na mtu wa kiti cha magurudumu. Nguzo zikisimama kila mita 6.75, safu tano zinaingia sawasawa. Zikisimama popote alipopenda mchoraji, kila safu ya pili itagonga nguzo, na nafasi mtakayopoteza haitarudi.

Orofa ya chini ina maadui wake, nawajua. Katanga ni nchi ya mchwa. Vichuguu vya huku vinafika hata mita 8 kwenda juu, na wadudu hao hawajali kama selulosi ni ya mti au ya tasnifu. Kwa hiyo msingi uinuliwe, udongo utibiwe kabla ya zege, rafu ziwe za chuma, ubao wa chini kabisa uwe sentimita 10 au 15 juu ya sakafu, na rafu zisiegemee ukuta. Mchwa hujenga njia zao za udongo ukutani. Ukuta ukiwa wazi mfagiaji ataziona. Katika chumba kisicho na dirisha, ambamo mhudumu huingia mara moja kwa juma, hakuna anayeziona mpaka kitabu kikiinuliwa na ndani kimebaki jalada. Vitabu vinavyopitiwa na watu kila siku vina walinzi wengi wasiolipwa.

Mvua ya Januari inajua kila tundu la bati. Vyoo na mabomba visipite juu ya vitabu, hata kama inarahisisha kazi ya fundi bomba. Madirisha yakae kaskazini na kusini, kwa kuwa jua la asubuhi la mashariki na la jioni la magharibi huchoma migongo ya vitabu na macho ya wasomaji. Weka kibaraza kipana kama cha majengo ya zamani ya katikati ya mji, halafu safu za rafu zisimame kichwa chake kikielekea dirishani ili mwanga upite kati yake. Kwa namna hiyo mwanafunzi anasoma namba za vitabu saa nane mchana bila taa. Umeme ukiwapo, ni heri. Ukikatika, maktaba haifungwi. Vumbi jekundu la kiangazi litaingia, ndiyo, na litafutwa kwa kitambaa kama tunavyofanya nyumbani.

Halafu acheni nafasi tupu. Theluthi moja ya kila rafu ibaki bila kitu siku ya kufunguliwa. Mfadhili atauliza mbona rafu hazijajaa, mwelezeni.

Kuhusu wizi, sitaki kujifanya mtakatifu kwa niaba ya wanafunzi. Vitatoweka vitabu. Hutoweka leo pia, na walio karibu na jambo hilo wanajua kwamba mkubwa wa wakosaji si mwanafunzi. Kuna ofisi zenye kabati zilizojaa vitabu vyenye mihuri ya maktaba. Mlango mmoja wa kutokea, mifuko ibaki nje kwenye visanduku, nyavu madirishani, na mtu mmoja mlangoni anayelipwa kwa wakati. Mediateki ya Halle de l'Étoile, pale mjini, imezoesha watoto na wakubwa wa Lubumbashi kushika vitabu kwa mikono yao, na watu hao hao ndio wanafunzi wenu. Na wale wauza vitabu vya zamani wanaotandaza turubai kando ya barabara? Mteja huinama, hufungua, husoma ukurasa mzima bila kununua, hurudisha. Muuzaji anaangalia tu. Kama yeye, ambaye mtaji wake wote uko pale chini, anathubutu, chuo kinaogopa nini?

Niruhusuni niongeze moja la mji wetu. Mageuzi ya 1971 yalipounganisha vyuo vikuu vya nchi, masomo ya fasihi na sayansi za jamii yaliletwa hapa Lubumbashi; ndiyo miaka ambayo mwandishi na mwanafalsafa V. Y. Mudimbe alifundisha hapa, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian pia. Fabian ndiye aliyechapisha nje, mwaka 1990, kijitabu ambacho André Yav alikuwa amekikusanya kwa Kiswahili cha mji huu mwaka 1965, kwa ajili ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu: historia ya Élisabethville, jina la Lubumbashi enzi ya ukoloni, kama walivyoiona waliopika na kufua. Kijitabu cha kupigwa taipu, bila mchapishaji mwenye jina. Kitu cha namna hiyo nani angekiandikia fishi? Angejuaje kwamba kipo? Hukutwa na mtu aliyekuja kutafuta kingine. Naomba kila maktaba mpya iwe na rafu ya Kiswahili, iliyo wazi, karibu na mlango, na humo ziwekwe karatasi za aina hiyo: masimulizi ya mitaa, vijitabu vya makanisa, tamthilia, nyimbo zilizoandikwa, chochote ambacho mitaa yetu ya Kamalondo, Kenya na Katuba imewahi kuandika. Mtu wa duka la fotokopi ataweza kuzifunga kwa jalada gumu kwa bei ndogo.

Mfumo wa LMD (Licence, Master, Doctorat) mlioupokea unahesabu kazi binafsi ya mwanafunzi ndani ya krediti 60 za mwaka. Hizo saa atazifanyia wapi, na kwa vitabu gani, hakuna aliyetueleza. Silabusi haikutosha hata kwenye mfumo wa zamani.

Basi, haya ndiyo ninayowaomba kabla ya msimu ujao wa ujenzi. Plani ya maktaba ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa chuo, ikiwa na uzito wa kila sakafu ulioandikwa kwa kilo, ili walimu na wanafunzi waione. Mkutubi aketi mezani na mchora plani tangu mchoro wa kwanza, asiitwe mwishoni kuonyeshwa depo yake. Na chuo chenye jengo la zamani lisilohitaji fundi kianze hata kesho na chumba kimoja: chagueni vitabu 1,000 vilivyo vizima, vya fakilte zote, viwekwe chumba chenye dirisha, mtu mmoja mlangoni, kitoroli kimoja, daftari moja la namba. Walimu wasaidizi mtawapata wa kujitolea kuvipanga. Mimi nitakuja Jumamosi, na ninao wenzangu wawili waliokwisha kukubali. Tunachosubiri ni ufunguo.

Kwa heshima zote,

Asistanti wa historia, Lubumbashi